Nauza dagaa mtandaoni, mtandao wenyewe sasa!

Jamani, kila siku vijana tunaambiwa ajira iko kiganjani, simu yako tu inatosha. Huyu anayesema hivyo alishawahi kufika Kigoma, au anaongelea kiganja cha Masaki, kwa matajiri wa Dar? Mimi mjasiriamali wa kidijitali nipo hapa Ujiji, nauza dagaa wa Ziwa Tanganyika huko Insta, na ofisi yangu ni uani kwa jirani maana ndo sehemu pekee 4G inashika, ukisogea hatua mbili tu inaandika E, na jirani kashaanza kuniangalia vibaya, anadhani namfuata binti yake.

Bando ndo usiseme. Unapandisha kavideo ka dagaa wakianikwa, kanazunguka weee kanafika asilimia 97, imeshindikana, jaribu tena, na MB zimeshaliwa. Mei 2024 nyaya za baharini zinazoleta intaneti, EASSy na Seacom, zilipokatika, watu wa Dar mlilia kama mmefiwa, mi nikajua ni Jumapili ya kawaida tu.

Haya, mteja kapatikana. Bei nimeandika kwenye picha kwa herufi kubwa, mtu anakuja kukomenti "bei?". Unamjibu, anakwambia njoo inboksi, ukienda inboksi anauliza nitajuaje we sio tapeli. Simlaumu, nchi hii nani hajapokea meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii"? Kwa hiyo yeye anataka alipe mzigo ukifika, mi nataka alipe kabla, tunavutana mpaka tunakubaliana nusu kwa nusu, halafu hiyo nusu anatuma bila ya kutolea!

Na sasa hivi afadhali. Julai 2021 serikali ilivyoleta tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala mmoja, wateja wangu wakarudi zama za kumpa hela shangazi anayesafiri. Septemba wakapunguza asilimia 30, lakini shangazi kashanogewa na safari.

Kuna mmoja yuko Marekani akataka anilipe kwa PayPal. Kumbe kwa akaunti ya Tanzania kutuma unaweza, kupokea ndo huwezi. Yani mimi muuza dagaa naruhusiwa kuwapa Wamarekani hela, wao kunipa mimi ndo mtihani.

Mzigo nao unaenda kwa basi, zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Dar, konda anaunusa, anakwambia abiria watalalamika, ongeza ya soda. Ukifika stendi mteja hapokei simu. Akipokea: "kaka mbona wadogo, kwenye picha walikuwa wakubwa." We dada si uliizumu mwenyewe!

Juzi tukaitwa semina ya vijana na biashara mtandao, nikajua angalau pilau ipo. Wapi, semina inafanyika Zoom, na wanataka kamera iwe wazi muda wote. Bando la wiki likaisha mtoa mada bado anauliza "mnanisikia?"