Kwenye magugu mnatuita, kwenye hela ya mwalo hamtuiti

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa kwetu, mwaloni, pale mitumbwi inapofikia na samaki kushushwa, upande wa Ilemela mkoani Mwanza, jina la mwalo silitaji maana ni padogo na watu tunajuana. Kulikuwa na siku ya usafi wa Ziwa Victoria. Tisheti za kijani, spika mbili, turubai, maji ya chupa. Wanawake na vijana waliingia majini tangu saa moja asubuhi kuvuta magugu maji, wanavuta wanarundika palepale kwenye mchanga, mgeni rasmi alitakiwa saa mbili akafika saa tano kasoro, akashika reki, akapigwa picha, akaongea nusu saa kuhusu umuhimu wa wananchi kushirikishwa, halafu soda na maandazi, gari zikaondoka. Jumatatu asubuhi nusu ya lile rundo lilisharudi majini. Upepo ulivuma usiku, mawimbi yakapanda, gugu likaondoka zake kwenda kuzaliana upya.

Mjomba wangu alishawaambia mapema wasogeze rundo juu kule kwenye mawe, ni hatua kama thelathini tu, likauke ndo lichomwe. Akajibiwa mzee subiri kwanza tupige picha. Mtu ana zaidi ya miaka arobaini kwenye yale maji anaambiwa asubiri picha.

Mi hili neno "shirikishi" limeshanichosha kwakweli. Ukiona limeandikwa kwenye bango ujue wananchi wanatafutwa wa kubeba, sio wa kuamua. Kufagia tunaitwa, kuvuta magugu tunaitwa, kuwataja wavuvi haramu tunaitwa tena usiku kwa simu, ila siku ya kupanga ushuru wa mwalo uende wapi, au eneo gani lifungwe samaki wazae, hapo tunasikia redioni kama watu wa Dodoma.

Na sio jambo la leo. Sangara mwenyewe huyu tunayemringia mpaka tukamweka kwenye sanamu mjini, aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 60 na hakuna aliyekuja mwaloni kuuliza wazee mnaonaje. Miaka ya 1980 akalipuka, akala furu. Vijana wa sasa hata furu hawawajui vizuri, ni visamaki vidogo vya rangi rangi, walikuwa mamia ya aina na walikuwa ndo samaki wengi kuliko wote humu ziwani, bibi yangu alikuwa anawaanika kwenye vijiti kama mishikaki. Aina nyingi zilipotea ndani ya miaka michache. Basi kukaja viwanda vya minofu, hela ikaonekana, sikatai, nyumba nyingi za bati huku kwetu ni sangara kazijenga. Ila nasema tu kwamba jambo kubwa kuliko yote lililowahi kulipata hili ziwa, watu wa ziwani walilikuta limeshafanyika.

Halafu sasa ndo tunafundishwa uhifadhi kwenye semina.

Kama hujawahi kuona kokoro likivutwa ngoja nikueleze, maana kuna watu wa mjini wanalaani wavuvi haramu na hawajui hata wanalaani nini. Mtumbwi unazunguka na wavu kama nusu duara, watu watano sita kila upande wanabaki nchi kavu wameshika kamba, wanavuta huku wanaimba, wavu unakuja unakwangua chini kila kitu, majani, konokono, viota. Sato dume anachimba kiota kama sahani kwenye maji mafupi, jike anakuja anataga, halafu anaokota mayai yote anayatia mdomoni na anakaa nayo humo mpaka yaangue, na vitoto hata vikishaanza kuogelea vikiona hatari vinakimbilia mdomoni kwa mama. Nikiwa darasa la tano niliona sato jike katolewa kwenye kokoro anatupwa kwenye ndoo, mdomo ukaachama, vikamwagika vitoto vidogo kama mbegu za papai, vinarukaruka kwenye mchanga. Dada mmoja akavisukuma pembeni kwa mguu apate pa kuweka beseni lake. Hakuwa mtu mbaya yule dada, alikuwa ananunua samaki wa kukaanga akauze jioni watoto wake wale, namjua mpaka leo.

Kwa hiyo simtetei mwenye kokoro. Ile siku ilinikaa. Ninachosema ni kwamba kila mtu pale mwaloni anajua kokoro linafanya nini, wanajua kuliko huyo anayekuja na projekta. Mjomba ana alama kwenye kasia lake, kaichonga kwa kisu, ni sentimita 50, sangara akiwa mfupi kuliko hapo sheria inakataza. Anakuonyesha bila kuombwa. Elimu ipo jamani. Tatizo liko kwenye mafuta.

Ndio, mafuta ya injini. Sisi tuna BMU, kile kikundi cha usimamizi wa mwalo, vilianza kuundwa ziwani huku mwishoni mwa miaka ya 1990 na vinatambulika kisheria, wana mwenyekiti, katibu, mhuri, wanachaguliwa na wavuvi wenyewe na kazi yao mojawapo ni doria. Sasa doria ya ziwani sio ya kutembea kwa miguu. Ziwa lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000, nusu yake ni la Tanzania, hata ukisema unalinda ghuba yako ndogo tu bado unahitaji mtumbwi, injini, mafuta, tochi, makoti ya kuokolea, na vijana wanne ambao usiku huo wameacha kwenda kuvua dagaa. Nani analipa? Mwalo wetu unakusanya ushuru kila siku, samaki wanapimwa, dagaa wanahesabiwa ndoo, risiti zinakatwa, hela inapanda juu. Ikishapanda haishuki. Katibu wa BMU kaniambia mara ya mwisho kupewa mafuta ni lita ishirini, na walipewa kwa sababu kulikuwa na ugeni unataka kuona doria inavyofanyika.

Sasa kijana wa doria anakaa hivyo bila hata elfu tano, anakuja mwenye timba, zile nyavu haramu za nailoni, anamwambia dogo chukua hii, mi napita saa nane usiku, hujaniona. Unategemea nini? Na sio hela peke yake. Ukimkamata mtu wa mwalo wenu ni shemeji yako, ni jirani yako, mtoto wake anasoma na mtoto wako, unampeleka kituoni, baada ya siku mbili yuko nje na anajua nani kamtaja. Mjomba alichomewa kamba zake kwa namna hiyohiyo, alipiga simu ofisi fulani kutaja kokoro, kesho yake asubuhi mwenye kokoro anamsalimia "shikamoo mtoa taarifa". Tangu siku hiyo mjomba akiona kokoro anageuza kichwa anaangalia Saanane.

Nimetaja Saanane hebu nisimame hapo kidogo. Kile kisiwa pale mbele ya Capri Point, jina lake ni la mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa anaishi humo kabla serikali haijakichukua mwaka 1964 kikawa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Ni kitu kizuri, nimeenda mara mbili, pimbi wamejaa kwenye mawe, mijusi ya kichwa chekundu, unaona mji wote. Lakini nenda Kirumba au Igogo uliza watoto kumi wangapi wamekanyaga Saanane. Wanakiona kila siku ya Mungu wakiwa wanafua na wanajua ni cha wazungu. Mtoto akikua hivyo, ukija kumwambia alinde wanyama wa ziwani anakuona unamletea mambo ya wazungu vilevile.

Na wanyama wenyewe ziwani sio wale wa kwenye kalenda. Kuna mama anachota maji anachukuliwa na mamba. Kuna kiboko anapanda usiku anamaliza mpunga. Fisi maji anakula samaki kwenye wavu na anautoboa, wavu wa laki na kitu, wavuvi wakimkuta wanamuua na sijawahi kuona mtu analia. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho na kifuta machozi, hela ya kumpoza aliyeharibiwa mazao au aliyedhuriwa na wanyama, upo kabisa kwenye kanuni, ila kwa nilioona wakifuatilia kwetu safari za kwenda na kurudi wilayani zinakula nauli mpaka mtu anasema basi. Halafu kuna ubao umechorwa fisi maji mzuri anatabasamu, "mlinde". Amlinde nani, na wavu nani atamnunulia?

Nikisema hivi watu wananiambia mbona wananchi wakiachiwa wanamaliza kila kitu. Hapo ndo huwa nacheka, maana wanaosema hivi wengi ni Wasukuma wenzangu na wameisahau sungusungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulipozidi huku Usukumani na Unyamwezini hakuna mradi uliokuja kujenga uwezo. Watu walikaa chini ya mti wakajipangia, ikipigwa mwano, yaani yowe la kuitana, kila mwanaume anatoka na upinde wake, asiyetoka anatozwa, wana viongozi wao, wana sheria zao, serikali ikaja kuwatambua baadaye. Ilikuwa na makosa yake, tena mengine makubwa, watu waliumizwa, wanawake wazee walisingiziwa uchawi, sitaki kuipaka rangi. Lakini usiniambie Msukuma hawezi kujisimamia. Anaweza, akiwa na uhakika kwamba ng'ombe ni wake.

Ziwa sasa la nani? Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingoni hakuna shughuli ya kudumu. Shangazi yangu alikuwa na matuta ya mchicha na sukuma wiki karibu na maji, akaja mtu na panga na karatasi, matuta yakaondoka, sawa, sheria ni sheria na yale mafunjo yakirudi ndo yanayochuja uchafu na ndo wanakojificha samaki wadogo, nakubali kabisa. Ila toka hapo tembea dakika kumi na tano utakuta ukuta wa mtu umeingia mpaka majini, geti, kamera, mawimbi yanapiga tofali. Ukuta upo mpaka leo. Shangazi kila akipita anauangalia, hasemi kitu. Na mto Mirongo unakatiza katikati ya jiji unabeba kila aina ya uchafu mpaka ziwani, mvua ikinyesha ndo usiseme, chupa na mifuko na mengine ambayo sitayaandika kama unakula, halafu gugu likinawiri tunashangaa limepata wapi mbolea. Mwanzoni mwa 2025 gugu jipya lilijaa pale Kigongo na Busisi mpaka vivuko vikashindwa kupita vizuri, kabla daraja halijafunguliwa mwezi wa sita. Mvuvi wa kokoro hakuleta lile.

Hata kwenye operesheni nyavu zikichomwa, moshi unaonekana, kamera zipo, kijana mpiga makasia amekaa chini amefungwa mikono. Tajiri mwenye wavu hayupo. Aliyeingiza timba nchini na aliyeziuza dukani hawapo. Timba haivuliwi ziwani jamani, inanunuliwa mahali.

Sasa mi ningekuwa na usemi ningeanza na kitu kidogo sana, sehemu ya ushuru wa mwalo ibaki mwaloni, kwenye akaunti ya BMU, isomwe mkutanoni mbele ya watu wote kwa sauti, shilingi kwa shilingi. Sio wapewe, ibaki, ni tofauti. La pili wazee waulizwe mazalia yako wapi, mjomba anakuonyesha kwa kidole, kutoka lile jiwe mpaka kwenye matete yale, mwezi fulani sato wanataga hapo, weka maboya, sheria ndogo waitunge wenyewe na faini waipange wenyewe. Wavuvi wa dagaa kila mwezi mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika siku kadhaa kwa sababu taa zao hazivuti dagaa, hakuna aliyewalazimisha, kupumzisha maji ni kitu wanakijua. Ziwa Tanganyika lilipofungwa miezi mitatu mwaka 2024 huku watu waliogopa sana kwamba zamu yetu inakuja, na sio kwamba hawataki samaki wazae, walichokuwa wanauliza ni nani atakuwa amekaa mezani siku ya kupanga tarehe.

Jumapili iliyopita BMU walikaa kikao chini ya mwembe, nilikuwa bado sijarudi mjini nikasogea. Ajenda ilikuwa moja, mafuta. Walikuwa wanabishana kila mtumbwi uchange shilingi ngapi kwa wiki, wengine wanasema elfu mbili, mmoja anasema yeye hatoi hata mia kwa sababu ushuru ameshalipa, na kusema ukweli alikuwa na hoja. Mama mmoja muuza dagaa akauliza kama wanawake wakichanga wataingia kwenye doria au watapika chai. Wanaume wakacheka, yeye hakucheka, mwenyekiti ikabidi aandike kwenye daftari. Wakaanza na mitumbwi kumi na moja. Nami nikatoa hela ya lita tano, katibu akatafuta kitabu cha risiti hakukiona, akaniandikia kwenye kipande cha boksi la sigara, akapiga mhuri.