Nishati safi ya kupikia inakwamia kwenye LUKU ya nyumba ya kupanga

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan hapa Dar es Salaam Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo lenyewe sina ugomvi nalo. Serikali inakadiria vifo vipatavyo 33,000 kila mwaka vinatokana na moshi wa jikoni, na yeyote aliyewahi kuchungulia jiko la mama lishe saa tano asubuhi, maharage yakiwa motoni, anaujua ukweli huo hata bila takwimu. Ninachotilia shaka ni namna tunavyohesabu mafanikio. Mtu akishakabidhiwa mtungi wa gesi, tunamwandika kuwa amehama. Mtungi ukimwishia wiki tatu baadaye, hakuna anayerudi kuuliza anapikia nini.

Wanaotetea ruzuku ya mitungi ya kilo 6 inayopitia REA, Wakala wa Nishati Vijijini, wana hoja. Gharama ya kuanza ni kizuizi kweli: mtungi, jiko lake na gesi ya kwanza kwa mkupuo mmoja. Lakini kinachofuata ni kujaza, na kujaza mtungi mdogo kunataka zaidi ya shilingi 20,000 zikiwa mkononi siku moja. Kibarua wa Tandale analipwa kwa siku. Muuza mkaa wa mtaani kwake anampimia kopo la leo, na akibanwa sana anamkopesha. Ukipiga hesabu ya mwezi mzima, gesi mara nyingi inashinda. Tatizo ni kwamba chakula cha jioni hakisubiri hesabu ya mwezi. Kuna mita za kufunga kwenye mtungi, unalipia kwa simu kiasi ulicho nacho, na zimeshaingia baadhi ya mitaa ya Dar. Ningekuwa na fungu la ruzuku, ningelipeleka huko kabla ya kununua mitungi mingine ya kugawa mbele ya kamera.

Kijiweni swali huwa moja: nchi yenye gesi asilia ya futi za ujazo trilioni 57 inaagizaje gesi ya kupikia kutoka nje? Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay karibu yote ni methani. Inasafiri kwa bomba hadi Ubungo na Kinyerezi, inafua umeme. Ya kwenye mitungi ni propani na butani, na inakuja kwa meli. Kwa hiyo kila kaya inayohamia mtungi inajifunga na bei ya dola na ya soko la dunia. TPDC, shirika la taifa la mafuta na gesi, imeunganisha nyumba kadhaa kwa bomba, jambo jema, ila kuchimba mtaro Mikocheni na kuchimba mtaro kwenye vichochoro vya Manzese ni kazi mbili tofauti kabisa.

Wapo wanaosema dawa ni kupiga mkaa marufuku. Tulijaribu mwaka 2006. Amri haikudumu hata miezi. Kuzikataza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kunaeleweka, kwa sababu shule au gereza lina bajeti na jiko moja la kukagua. Kaya haiko hivyo. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kuwa Dar es Salaam peke yake ilikuwa ikila karibu nusu ya tani milioni moja za mkaa zilizotumika nchini kwa mwaka, na sehemu kubwa ya biashara hiyo ilipita bila kulipa kodi. Huko Kilosa kuna vijiji vilivyopanga misitu yao, vikavuna mkaa kwa zamu na kutumia mapato kwa madarasa na zahanati. Kuwaambia leo kuwa mkaa wote ni adui ni kuwarudisha kwenye kufyeka msitu walime mahindi. Na kilimo, kusema kweli, kinamaliza misitu kuliko mkaa.

Uamuzi mgumu zaidi, kwa maoni yangu, uko kwenye umeme. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na umeme wa kupikia sasa upo. Presha ya umeme inaivisha maharage kwa chini ya yuniti moja. Hapo ndipo bei inapoingia. Mteja mdogo anayetumia hadi yuniti 75 kwa mwezi anauziwa yuniti kwa shilingi 100, kabla ya kodi na tozo. Mteja wa kawaida analipa 292. Unafuu huo unatolewa kwa mita, wala si kwa kaya.

Sasa nenda Buguruni au Mbagala. Nyumba ina vyumba sita, kila chumba kaya yake, LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Kila chumba kikitumia yuniti 15 tu, jumla ni 90, nyumba nzima inatoka kwenye unafuu. Fundi anayeishi peke yake na mita yake, anayetumia yuniti 60, anabaki kwenye 100. Ndiyo maana mwenye nyumba akikukabidhi ufunguo, sharti la kwanza ni marufuku jiko la umeme. Si roho mbaya; anajua ugomvi wa kuchangia LUKU unavyovunja ujirani.

TANESCO, shirika la umeme, nayo ina lake la kusema. Ukipandisha kikomo cha yuniti 75 kwa kila mtu, watakaofaidi wengi ni wenye uwezo, na pengo la mapato litarudi kwa wateja wengine. Transfoma za mitaani nazo zitaelemewa mtaa mzima ukiwasha majiko saa moja usiku. Hoja hizo zinanizuia kudai umeme wa bei chee kwa wote. Hazinizuii kudai kikomo kihesabiwe kwa kaya katika nyumba za kupanga, au mita ndogo za vyumba zitambuliwe na shirika. Idadi ya wapangaji si siri: mjumbe wa mtaa anayo, na ndiye tunayemfuata kila tunapotaka barua ya utambulisho. EWURA, mdhibiti wa bei za nishati, ikipitia bei tena, ianze kwa kumuuliza yeye.