Spesa za difu ya mbele: kuziondoa au kuziacha

Gari lenye sasipenshi huru ya mbele (kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake), kama Prado au Hilux, linapoinuliwa kwa springi ndefu, chesisi hupanda pamoja na difu ya mbele iliyofungwa kwake, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu, ilhali magurudumu hubaki ardhini. Shafti zinazotoka kwenye difu hulazimika kuinama zaidi, na joinit za CV, yaani viungo vinavyoziwezesha kuzunguka huku zimeinama, hufanya kazi zikiwa zimejikunja. Ndiyo maana mafundi huweka spesa, yaani vipande vya chuma vya takriban milimita 25, ili kuishusha difu. Sasa wapo wenye magari hapa Dodoma wanaotaka zitolewe, na hoja zao zinastahili kupimwa kabla mtu hajashika spana.

Inayotajwa kwanza ni nafasi ya chini. Anayepanda njia ya mawe kutoka Kolo kwenda kwenye michoro ya miambani ya Kondoa hapendi chuma chochote kishushwe chini ya injini yake. Ni kweli, lakini hoja hii hukuzwa. Nyuma magari haya yana ekseli nzima, yaani mhimili mmoja mgumu unaounganisha magurudumu mawili, na difu yake ndiyo mara nyingi inayokaa chini kuliko vyote. Hiyo haiinuliwi na springi, bali na tairi kubwa tu. Jiwe lililoikosa difu ya mbele bado linaweza kuikuta ya nyuma.

Hoja nzito zaidi, ingawa haisemwi sana, ni kwamba katika seti nyingi spesa hukaa kwenye boliti mbili za mbele tu, huku kishikizo cha nyuma kikibaki palepale. Difu basi haishuki yote, inainama. Na kwa kuwa shafti hutoka kati ya vishikizo hivyo, zenyewe hushuka pungufu ya zile milimita 25. Zaidi ya hayo, pembe ya propela ya mbele, yaani shafti inayoleta nguvu kwenye difu, hubadilika, na krosi (viungo) zake zisipolingana pembe huleta mtetemo. Ikilinganishwa na hasara hizo, nafuu ni ndogo.

Hata hivyo, wanaozitetea wana ushahidi wao, nao ni mpira wa CV, ule wenye mikunjo unaofunika joinit na kushika grisi yake. Mikunjo yake ikisuguana hupasuka, grisi hurushwa na kuacha madoa meusi upande wa ndani wa rimu, kisha vumbi la barabara za Chemba au Bahi huingia na kuisaga joinit hadi ianze kugonga kila usukani unapokatwa hadi mwisho. Hapa aina ya gari huamua mengi. Prado za matoleo ya 120 na 150 kwa kawaida huendesha magurudumu yote manne muda wote, kwa hiyo shafti za mbele hubeba nguvu hata kwenye lami ya kwenda Morogoro. Hilux nyingi hupeleka nguvu mbele pale tu dereva anapotaka. (Land Cruiser za mfululizo wa 70 hazimo katika mjadala huu, kwani ekseli yao ya mbele ni nzima.)

Kwa maoni yangu, gari lililoinuliwa hadi milimita 50 hivi, lenye mipira mizima, litolewe spesa. Likivuka 75, spesa hazitaliponya, na kuziondoa kutazidisha tatizo. Kinachopaswa kupunguzwa ni urefu wa springi. Kati ya hapo, jeki ndiyo iamue: gari liinuliwe magurudumu yaning'inie, maana hapo ndipo pembe huwa kali kuliko zote, kisha gurudumu lizungushwe kwa mkono huku tochi ikimulika mpira. Mikunjo ikigusana kwa nguvu au shafti ikikwama, spesa zibaki.

Kazi yenyewe si ngumu, mradi difu itegemezwe kwa jeki na spesa za kinga ya chini ya injini zitolewe pia. Kosa la hatari ni kurudisha boliti ndefu zilizokuja na spesa: zinaweza kugota kabla ya kubana, fundi akadhani zimekaza. Mwenye gari aliyetupa boliti za awali atafute nyingine zenye urefu na ugumu uleule kabla kazi haijaanza.