Uniti kwa Shilingi 100: Hesabu ya Mzalishaji Mdogo wa Umeme

Mwaka 2020 Serikali ya Tanzania ilipoagiza wanaouza umeme wa jua visiwani na vijijini washushe bei hadi shilingi 100 kwa uniti, kutoka bei zilizokuwa zikivuka shilingi 1,000, wengi walishangilia, na ni vigumu kuwalaumu. Mkazi wa Ukara, ndani ya Ziwa Victoria, ni raia sawa na mkazi wa Mwanza, na fundi wa kuchomelea anayelipa mara kumi ya mwenzake wa mjini hawezi kushindana naye. Tena nchi hii haijaisahau IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme ambayo mkataba wake ulizua kashfa. Anayesikia habari za mzalishaji binafsi ana haki ya kuuliza mkataba unasemaje.

Ila IPTL ilikuwa na megawati 100 na mnunuzi mmoja mkubwa, TANESCO. Mzalishaji mdogo, ambaye kikanuni hatakiwi kuvuka megawati 10, akiuza kijijini anategemea mifuko ya wanakijiji tu.

Tuchukue kisiwa chenye wateja 1,000, kila mmoja akitumia uniti 10 kwa mwezi, matumizi ya kawaida kwa nyumba yenye taa, redio na simu. Kwa shilingi 100, mapato yote ya mwezi ni shilingi milioni 1. Humo zitoke mishahara ya mafundi na mlinzi, dizeli ya jenereta siku za mawingu, marejesho ya mkopo, na akiba ya betri mpya, maana betri huchoka mapema kuliko paneli. Fedha hizo zinakwisha kabla benki haijapata chochote. Na hiyo 100, ambayo ndiyo bei ya TANESCO kwa mteja mdogo, si gharama halisi ya umeme: ni bei ya asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, naye hubebwa na wateja wakubwa wanaolipa zaidi. Kisiwani hakuna kiwanda cha kumbeba mtu.

Wenye maporomoko ya maji wana nafuu: mtambo wa Mwenga kule Mufindi, wa megawati 4, tangu 2012 unaiuzia TANESCO na pia vijiji jirani, hivyo umeme ambao vijiji havikuumaliza unapata mnunuzi.

Wapo wanaosema kwamba Bwawa la Nyerere la Mto Rufiji, lenye megawati 2,115, limemaliza mjadala. Kwa vijiji vilivyo karibu na nguzo, huenda ni kweli. Umeme wa Rufiji, hata hivyo, haufiki kisiwani bila kebo ya kupita ziwani, na gharama ya kebo hiyo hatuioni katika bei ya uniti kwa sababu hulipwa na fedha za umma. Kama umma unakubali kulipia kebo, sioni kwa nini usikubali kumfidia mzalishaji tofauti ya bei, baada ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, kukagua vitabu vyake, kwa sehemu ya ile asilimia 3 ya REA, wakala wa nishati vijijini, ambayo kila anayenunua LUKU tayari anakatwa.