Kabla mkono haujanyanyuka

Nikipiga simu nyumbani Busia, Uganda, habari ya mtoto aliyeumizwa na wazazi wake huishia kwenye hukumu moja: baba yule ni mnyama, mama wa kambo yule ana roho mbaya. Hukumu hiyo hainitoshi tena.

Huku Uswidi walipiga marufuku kumchapa mtoto mwaka 1979, nchi ya kwanza duniani. Nyumbani wengi husema Wazungu wanawaogopa watoto wao. Hawaoni kilichoizunguka sheria hiyo. Ilitangazwa hata kwenye paketi za maziwa, na leo wazazi hugawana siku 480 za likizo yenye malipo kwa kila mtoto, juu ya posho ya mtoto ya kila mwezi. Mama aliyechoka ana pa kupumulia.

Sasa mtazame mama wa Busia. Kakopa kwenye kikundi, mzigo umekamatwa mpakani, mume yuko kwenye pombe ya waragi, wote wanalala chumba kimoja. Naye alikuzwa kwa kiboko, anaamini ndicho kilichomfanya mtu. Shule zilipofungwa, zote au baadhi ya madarasa, Machi 2020 hadi Januari 2022, dhiki hizo zote zilifungiwa ndani pamoja na watoto. Utafiti wa kitaifa wa Uganda uliotolewa 2018 ulikuta kwamba kati ya vijana wa miaka 18 hadi 24, asilimia 68 ya wanaume na 59 ya wanawake walipigwa au kuumizwa mwilini utotoni. Hao wote hawakulelewa na wanyama.

Umaskini peke yake hauelezi, maana jirani mwenye shida zilezile hajawahi kumgusa mwanawe. Na huku wapo wenye mali wanaowatesa watoto wao nyuma ya milango ambayo hakuna anayeibisha. Kwa hilo sisi tunawazidi: shangazi akisikia kilio anaingia bila hodi. Kinachoniuma ni yanayofuata. Mtoto akinajisiwa na ndugu, wazee wanakaa kikao, mbuzi anatolewa, mtoto anarudishwa nyumba ileile. Hapo simtetei mtu, apelekwe polisi.

Laini ya Sauti 116, simu ya kuripoti mateso ya watoto, ipo, haitozwi hela. Lakini afisa wa ustawi wa jamii asiye na mafuta ya pikipiki atafikaje kijijini? Vyama vyetu vya huku nje vinachangia misiba na harusi. Naomba tuchangie mafuta hayo pia, na mikutano ya wazazi chini ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wakati mtoto bado hajaumia.