Ukuta wa duka lako unamtangaza nani?

Mimi nilitoka Dar 2010 nikaja kusoma huku Leicester, Uingereza. Naondoka mtaa wetu kule Mbagala nusu ya maduka yamepakwa bluu, narudi likizo ya kwanza nakuta bluu yote imegeuka nyekundu, maana 2011 kampuni ya simu ya Vodacom walibadili rangi yao na kuta za watu nazo zikabadilika. Duka la mama mdogo lenyewe lilipakwa na watu wa soda. Walikuja vijana na ndoo zao wakapiga rangi siku moja, jina la soda kubwaa, na jina la duka wakaliweka kule chini pembeni, ukiwa ng'ambo ya barabara huwezi kulisoma. Mama mdogo alifurahi, rangi ya bure nani anakataa. Lakini mpaka leo wateja wanaelekezana "pale kwenye soda", miaka yote hiyo anafungua saa 12 asubuhi na jina lake halijulikani hata mtaa wa pili.

Huku ndo nikaanza kuelewa hasara yake. Nlipofika, Tesco, yale maduka makubwa ya huku, walikua na bidhaa zao za bei ya chini kabisa zinaitwa Value, mfuko mweupe una mistari ya bluu, basi, hamna picha hamna nakshi. Zilianza 1993 na walikuja kuziondoa 2012. Mie mwanafunzi nilikula hizo kila wiki na maharage yalikua maharage tu, hayana shida yoyote, ila foleni ya kulipia nilikua naona watu wanayafunika chini ya vitu vingine kwenye kikapu, yaani mtu anaonea aibu karatasi sio chakula. Naamini kabisa ule ubaya wa mfuko ulikusudiwa, ili mwenye hela kidogo asogee kwenye rafu ya juu alipe zaidi kwa kitu ambacho hakijatofautiana sana. Hawa watu wanajua rangi na maandishi vinapanga bei kabla mteja hajaonja.

Sasa njoo kwenye asali. Jumamosi moja soko la wakulima huku nimekuta kichupa cha kioo cha gramu 340, lebo ya karatasi ya kaki, imechorwa nyuki mmoja na jina la kijiji, paundi 7. Nikanunua nikaonja. Asali ya Tabora anayouza mama mdogo inaishinda mbali sana, lakini yeye anaiuza kwenye chupa ya maji ya nusu lita iliyooshwa, bado ina alama ya gundi pale lebo ya maji ilipobanduliwa, shilingi 6,000. Nusu lita ya asali ni karibu gramu 700 jamani! Na juu ya hapo mteja anamuuliza "hii haijachanganywa na sukari kweli?" Hilo swali halitoki kwenye asali, linatoka kwenye chupa.

Tumelelewa na ule msemo wa chema chajiuza kibaya chajitembeza na mimi nauheshimu, ila nadhani umewaumiza wafanyabiashara wetu wadogo. Chema kinajiuza kwa anayekijua tayari. Anayepita na daladala hajui, ana macho tu, na anaamua hapo hapo. Kila nikiingia duka la vyakula vya kwetu huku nageuza paketi kutafuta barcode inayoanza na 620, ndo namba ya Tanzania, na nazipata chache mno wakati karafuu zetu na kahawa yetu najua zinakunywewa na kuliwa huku huku, zimevalishwa jina la mtu mwingine.

Na wala sio kwamba haya mambo ni ya wazungu. Bibi yangu alikua hanunui kanga mpaka asome ukingoni, akiona "K.H.E. Mali ya Abdulla" anatoa hela, asipoiona anairudisha hata kama jina la kanga limempendeza. Ile alama ni ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, na wanawake wa pwani nzima waliiamini kizazi hadi kizazi. Kwahiyo akili hiyo tunayo siku nyingi, tumeiacha tu kwenye kanga hatujaipeleka kwenye asali, achari, ubuyu, unga wa lishe.

Mwaka jana nilipokua nyumbani tulienda SIDO, lile shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kutafuta vifungashio, tukapata vichupa vya gramu 300, kijana wa Kariakoo akatutengenezea stika yenye jina la mama mdogo na neno Tabora kubwa. Anauza 7,000 kichupa. Asali ni ile ile, ndoo ile ile. La sukari halijaulizwa tena, sasa wanamuuliza kama ana kubwa zaidi za kupeleka zawadi. Kwenye kibali cha TBS, shirika la viwango, bado yuko njiani, na hilo nalisisitiza kwake kila nikipiga simu, kwasababu chupa nzuri isiyo na ukweli ndani ni utapeli na watu wetu wametapeliwa vya kutosha.

Ukuta nao tukamwita mchora mabango wa pale mtaani, njano na kahawia, jina lake juu mlango mzima. Mwezi uliopita watu wa soda wamerudi na ndoo zao. Mama mdogo kawaambia wakiutaka ukuta walipie kodi kwa mwezi, wakasema wataenda kumuuliza bosi.