Madole gumba mawili na jalada la mpelelezi

Agosti 1963 Wayolngu wa Yirrkala, jamii mojawapo ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, walioko kaskazini mwa nchi hiyo, walipeleka bungeni Canberra waraka wa maombi uliobandikwa kwenye gome la mti na kuzungushiwa michoro ya koo zao. Serikali ilikuwa imemega ardhi yao kwa ajili ya wachimbaji wa madini ya boksiti bila kuwauliza. Chini ya waraka kulikuwa na saini kumi na mbili. Waziri Paul Hasluck akazitilia shaka, eti waliosaini hawawezi kuwasemea Wayolngu wote. Basi wazee wakachovya madole gumba kwenye wino, na mwezi haujaisha waraka mwingine ukatua bungeni.

Mwaka 2000, mbele ya Mahakama ya Shirikisho, Peter Gunner, Mwaborijini, aliidai serikali fidia kwa kuondolewa utotoni na maofisa wake, mwaka 1956, katika eneo la ufugaji la Utopia na kupelekwa hosteli ya kanisa mjini Alice Springs. Mawakili wa serikali walikuwa na karatasi moja kutoka kwenye majalada: fomu ya mzazi kuridhia, imeandikwa kwa Kiingereza, na mwishoni ina alama ya dole gumba. Jaji O'Loughlin mwenyewe alikiri kwamba haiwezekani kujua kama dole lile ni la mama yake Gunner, wala kama mama huyo alielewa alichokiwekea alama. Fomu ikapita hivyo hivyo. Gunner alishindwa, na karatasi ile ilikuwa miongoni mwa sababu.

Nimeyarudia madole haya mara nyingi kichwani. Mwaka 1963 wino wa Waaborijini wanaolalamika ulihitaji kuthibitishwa. Mwaka 2000 wino unaodaiwa kuwa wa mama asiyekuwepo mahakamani kuulizwa ulitosha. Aliyewahi kumsindikiza bibi yake kuchukua pesa ofisini, akaona anavyoshikwa mkono na kukandamizwa kidole kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, hahitaji kuelezwa zaidi.

Ndiyo maana naona mjadala wa nani atunze nyaraka za harakati za Waaborijini huelezwa vibaya. Husemwa kwamba wasomi wanataka milango iwe wazi na wanajamii wanataka kufuli. Wanaotetea hifadhi za serikali wana hoja, tena nzito. Mwaka 2007 Bruce Trevorrow, aliyechukuliwa hospitalini akiwa na miezi kumi na mitatu, alishinda kesi dhidi ya jimbo la Australia Kusini na kupewa dola 525,000. Kilichosaidia ni barua za ofisini zilizoonyesha kwamba maofisa walikuwa wamekwisha kuambiwa na wanasheria wao kuwa hawana mamlaka ya kuchukua watoto namna ile. Kama makarani wasingezitunza, asingekuwa na cha kushika. Wanaongeza pia kwamba kila jamii ina wakubwa wake, na wakubwa hupenda kuficha yasiyowapendeza. Hilo silipingi.

Ila hoja hiyo humchukulia mwandishi wa jalada kama mtu baki. Tarehe 26 Januari 1972 vijana wanne wa Kiaborijini waliokuwa wakidai ardhi walisimamisha mwavuli wa ufukweni kwenye nyasi zilizo mbele ya Bunge na kuuita ubalozi. Ubalozi wa Mahema ulikuwa na wageni wengi, na idara ya ujasusi, ASIO, ilikuwa ikiwafuatilia wanaharakati hao. Gary Foley, mwanaharakati aliyejiunga na ubalozi huo, ana jalada lake huko. Sheria ya Hifadhi ya 1983 iliweka miaka 30 kabla nyaraka hazijafunguliwa, na sasa ni 20. Ukilipata jalada, majina ya watoa habari yamefutwa. Aliyekuchongea analindwa, wewe uliyechongewa unasomwa na yeyote. Kisha tunaambiwa huo ndio ushahidi usioegemea upande. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Foley hakuomba jalada lichomwe. Alikusanya ya kwake: barua, mabango, magazeti ya harakati, na leo mkusanyiko huo uko Chuo Kikuu cha Victoria, Melbourne, chini ya Hifadhi ya Historia ya Waaborijini. Huko Tennant Creek, kaskazini mwa Australia, Waaborijini wa jamii ya Wawarumungu walishiriki kuanzisha mfumo wa kompyuta wa kutunza picha na kumbukumbu uitwao Mukurtu, jina la mkoba wa kutunzia vitu vya thamani. Kuna picha anayoruhusiwa kuiona kila mtu, na kuna ya marehemu au ya mambo ya wanawake ambayo ina wenyewe. Unaomba, unafunguliwa au unaelezwa kwa nini la. Sioni tofauti kubwa na ASIO, isipokuwa hapa anayelindwa ni mwenye picha.

Na lipo dai ambalo watu hulisahau kwa kuwa halina kelele. Mwaka 2021 kundi la watunza nyaraka wenyeji lilitoa tamko la haki ya kujibu: aliyeandikwa, au ukoo wake, aweze kuambatanisha neno lake na waraka unaomhusu. Kuambatanisha neno hakufuti waraka wala hakuuhamishi. Nafikiria fomu ya 1956 ikiwa na karatasi ya pili iliyobanwa nayo, ikisimulia kwa lugha ya mama yule siku gari lilipokuja. Huenda jaji angeamua vilevile. Lakini asingeisoma fomu ikiwa peke yake.

Magome ya Yirrkala yalikuwa manne. Mawili bado yamo Bunge la Canberra, nyuma ya kioo. La nne lilirudi Yirrkala mwaka 2023, baada ya miongo kadhaa katika nyumba ya mtu mjini Derby, Australia Magharibi. Muda wote huo halikuwa mikononi mwa hifadhi ya taifa, wala mikononi mwa Wayolngu.